Msamiati wa ngano kwa Gredi ya 2: tuanze na maneno gani?

Mwalimu wa Gredi ya 2, Nakuru

Walimu wenzangu, hamjambo. Ninafundisha Gredi ya 2 katika shule ya msingi hapa mjini Nakuru, na darasani mwangu mna watoto wa Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo na Wakisii, pamoja na wengine ambao tangu kuzaliwa hawajasikia nyumbani ila Kiswahili cha mtaani. Muhula huu nimeanza kuwasomea ngano, na kabla ya kila hadithi mimi hubandika ubaoni picha za maneno mapya: mfalme, malkia, kasri, taji, zimwi, jini, mchawi, shujaa, pango, hazina. Picha wanazitaja zote bila kusita. Lakini nikiisoma hadithi yenyewe, wengi hupotea kabla haijafika katikati, na nikiwauliza ni nini kilichompata sungura hunijibu kwa neno moja au hunyamaza kabisa. Je, nipunguze maneno, niyabadilishe, au niachane na picha? Pia naomba msaada kuhusu upatanisho, kwa kuwa nimekuta penginepo "zimwi alikuja" na penginepo "zimwi lilikuja". Niwafundishe upi?

Mwalimu wa Kiswahili, Kisumu

Mwalimu, ahsante kwa swali. Ukiitazama orodha yako utaona kwamba yote ni nomino, tena nomino za kuchoreka, ilhali hadithi huendeshwa na vitenzi pamoja na yale maneno madogo yanayomtahadharisha msikilizaji kwamba mambo yanakaribia kugeuka. Chukua sentensi moja tu: "Fisi akamnyemelea sungura, kumbe sungura alikuwa amekwisha kumwona." Mtoto anayemjua fisi na kumjua sungura, lakini hajui kunyemelea wala hajawahi kuonyeshwa kazi ya kumbe, hubaki na wanyama wawili waliosimama msituni bila shughuli. Kwa hiyo katika kila ngano mimi huchagua maneno manne au matano, na mengi yake huwa ya aina hii: kunyemelea, kulaghai, kuonya, kuahidi, kumeza, punde si punde, ghafla, kumbe, hatimaye.

Kunyemelea hakuhitaji picha. Mtoto mmoja husimama mbele akiutazama ubao, naye ndiye sungura; mwingine huanzia mlangoni, viatu mkononi ikibidi, akija kwa ncha za vidole, huku darasa zima likinong'ona "ananyemelea, ananyemelea". Kisha namwamuru atembee, achechemee, akimbie, arudie kunyemelea, na wenzake wataje kila badiliko. Tofauti kati ya mwendo mmoja na mwingine ndiyo inayoligandisha neno kichwani, maana mtoto akioneshwa kunyemelea peke yake anaweza kudhani ni jina jingine la kutembea. Ama kumbe, soma hadi ulikaribie, utue, uinue mkono, uwaache wabashiri. Baada ya siku chache watalisema wao kabla yako, tena kwa kelele, kwa hiyo mwombe radhi mapema mwalimu wa darasa la jirani.

Jambo lingine ni kuirudia hadithi ileile. Kipindi ni cha dakika 30, na kuleta hadithi mpya kila kipindi huwapitishia watoto maneno mengi ambayo hawakutani nayo tena. Mara ya kwanza soma bila kukatiza; mara ya pili toa maelezo papo hapo, sentensi moja fupi kwa kila neno, kisha uendelee; mara ya tatu acha mapengo wayajaze wao. Kuhusu zimwi usihangaike sana na picha. Huku kwetu mtoto aliyesimuliwa sigana, yaani ngano za Kiluo, na nyanya yake anamjua zimwi aitwaye Apul-Apul, na hapo maelezo yamekwisha. Huko Nakuru waulize watoto wa Wakikuyu habari za irimu na wa Wakalenjin habari za chemosit, uwaache waelezane wenyewe kwa Kiswahili nani ana jino refu zaidi.

Mwalimu mstaafu, Butere

Nakubaliana na mwenzangu wa Kisumu kuhusu vitenzi, ila nisingependa nomino ziondolewe mapema hivyo, kwa kuwa kuitaja picha si kulijua neno. Picha nyingi za kasri zinazopatikana ni za minara mirefu juu ya mlima wenye theluji, na mtoto akisema "kasri" huwezi kujua ameuona mnara, mlima au theluji. Sisi wa Butere na Mumias tuna bahati, maana ufalme kwetu si habari ya ng'ambo: Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, aliyefariki mwaka wa 1949, bado hutajwa na wazee. Mtoto akiambiwa kwamba mfalme ni mtu kama Nabongo, mwenye watu anaowatawala, wajumbe anaowatuma na baraza analoketi nalo kuamua kesi, basi mjumbe, baraza, amri na enzi huingia pamoja, na kila moja lina mahali pake.

Neno moja ningelitoa ubaoni kabisa, nalo ni mchawi. Katika hekaya za Ulaya, mathalani zile ambazo ndugu wawili Grimm wa Ujerumani walianza kuzichapisha mwaka wa 1812, mchawi mara nyingi ni bibi kizee anayeishi peke yake msituni, na watoto wa huko leo humcheka. Kwetu, ambako vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, hasa upande wa Kisii, picha ya namna hiyo ubaoni humfundisha mtoto wa miaka saba kumtazama jirani yake mzee kwa jicho baya. Zimwi hana jirani anayefanana naye. Fisi mwenye tamaa vilevile anatosha kwa uovu wote ambao ngano ya Gredi ya 2 inauhitaji.

Mhariri wa vitabu vya watoto, Eldoret

Kuhusu upatanisho: zimwi katika ngano husema, hula na hukasirika kama kiumbe hai, kwa hiyo "zimwi alikuja, mazimwi walikuja" ndiyo njia salama ya kufundishia. Jitu, likiwa katika hali ya ukubwa, huandikwa "jitu lilikuja". Watoto watasikia pia methali isemayo "Zimwi likujualo halikuli likakwisha", nayo iacheni ilivyo. Msiwatajie ngeli kwa jina; wasikie tu mwalimu akishika njia moja kuanzia mwanzo wa hadithi hadi mwisho.

Mwalimu wa Gredi ya 2, Nakuru

Nimeshukuru sana, na mchawi nimekwisha mbandua. Limebaki moja: nikiwataka wasimulie, huchanganya Sheng na Kiswahili, na nikiwasahihisha hunyamaza. Nifanyeje?

Mwalimu wa Kiswahili, Kisumu

Usimkatize mtoto akiwa katikati ya hadithi. Akisema "fisi alihepa", mpokee kwa furaha: "Naam, fisi akatoroka! Kisha?" Amelisikia neno sanifu bila kuaibishwa, na hadithi haijakatika. Utakuta pia kwamba wengi husimulia kwa "alienda, aliona, alisema", kila tendo likisimama peke yake. Hapo wape picha tatu za hadithi zilizovurugwa, wazipange sakafuni kwa zamu, kila mmoja akiongeza tendo moja juu ya la mwenzake kwa kiambishi -ka-: sungura alitoka pangoni, akaona nyayo, akasimama, akanusa, akarudi ndani. Anayesahau -ka- humpisha anayemfuata. Anza na watoto watano watano, kwa sababu darasa zima likicheza kwa pamoja wale wakimya hawatapata zamu.