Ati nyimbo za roki ukizipiga kinyumenyume zamsifu shetani??

Kijana wa Mkomani
Hamjambo wana Amu (Lamu). Mimi nafanya kazi kwenye jahazi la kupeleka wageni Manda na Shela, wageni wengi wapenda roki kwa hivyo nimeijaza kwenye simu. Sasa nahodha wetu, ambaye ni ami yangu wa damu, kaambiwa pale baraza ya Mkunguni kwamba nyimbo za bendi ya Led Zeppelin na wenzao ukizigeuza zina maneno ya shetani, na tangu siku hiyo hataki kuisikia chomboni, asema upepo ukikatika pale mkondo wa Mkanda ni mimi nimeutia nuksi. Namheshimu siwezi kumbishia hivi hivi. Kuna ukweli jamani?

Fundi Redio
Kijana, hayo yalivuma sana Marekani 1982, wahubiri wa kwenye TV walipoishika "Stairway to Heaven" ya hao Led Zeppelin, wimbo wenyewe ni wa 1971, kampuni ya bendi ikajibu kwamba mashine zao za santuri zazunguka upande mmoja tu, wa mbele 😂 basi.

Lakini usimwambie ami yako kwamba hakuna kabisa ujumbe wa kinyume, maana upo na ni mtamu. Zamani studio zilikuwa za tepu, ukiigeuza tepu sauti inatoka kinyume, The Beatles walifanya hivyo mwishoni mwa "Rain" 1966. Halafu Electric Light Orchestra 1975 wakaweka sauti nzito ya mpiga ngoma wao kwenye "Fire on High", watu wakaigeuza wakitetemeka, kumbe yasema muziki waweza kugeuzwa lakini wakati haugeuziki, rudi, rudi! Na Pink Floyd 1979 kwenye "Empty Spaces" wanakupa hongera kwa kugundua ujumbe wa siri kisha wanakwambia utume jibu lako nyumba ya vichaa. Sasa huyo shetani gani mwenye maskhara hivyo??

Bint Langoni
Mimi nimejaribu na simu, programu za kugeuza sauti ziko tele za bure. Nilimrekodi kakangu akisoma orodha ya vitu vya sokoni nikaigeuza nikawasikilizisha nyumbani, hakuna aliyeambulia kitu, wote wasema ni Kirusi. Nikawaambia sikilizeni vizuri hapa anasema "mbaazi zaungua". Wallahi nilipoipiga tena wote wakasikia mbaazi zaungua, bibi akainuka mbio jikoni kutazama sufuria!! Na mbaazi hazikuwa hata zimeinjikwa.

Mwalimu wa Hindi
@Bint Langoni hicho ndicho walichokipata Vokey na Read, watafiti wa saikolojia wa Kanada, 1985. Waligeuza Zaburi ya 23, yaani maneno matakatifu kabisa, na bado watu walisikia chochote walichoambiwa wasikilize. Bila kuambiwa waliweza kujua msemaji ni mume au mke, maana ya maneno hawakuipata. Kwa hivyo Kijana, hili lina njia ya adabu: usimwambie ami kakosea, mwombe asikilize yeye kwanza kabla hajaambiwa neno, yeye ni nahodha, sikio lake lajua mlio wa tanga likipasuka, mpe heshima hiyo.

Sindano
Tucheke lakini tusisahau bendi ya Judas Priest. Familia za vijana wawili wa Nevada, Marekani, waliojipiga risasi ziliishtaki bendi kwamba wimbo wao umeficha maneno mawili tu, "do it", yaani fanya, kesi ikasikizwa Reno 1990, jaji akaitupa. Wale vijana walikuwa na watu wao waliowapenda, hapo mimi sina mzaha. Ila mwimbaji alienda studio akazigeuza nyimbo zao mwenyewe, akakuta sentensi za ajabu, moja kama mtu amwambia mamake kiti kimevunjika, akaipiga mahakamani.

Kijana wa Mkomani
Ahsanteni sana wallahi, hiyo ya kiti ndiyo itamshika, ami apenda kucheka. Kesho tukishatia nanga Shela nitamuomba asikilize. Je naweza kugeuza na santuri, ana ile mashine ya marehemu babu?

Fundi Redio
La la la! Ukiirudisha kwa kidole ile sindano yaweza kukwaruza santuri, na sindano zenyewe siku hizi wazipata wapi hapa Amu? Tumia simu, na mrekodi ami mwenyewe akiita abiria umgeuzie sauti yake.