Tupeane uzoefu: jioni ya mtoto mdogo, mpaka alale bila vita

Wazazi wa watoto wa miezi 4 hadi miaka 3, wekeni hapa hatua zenu za jioni. Hadithi tuziache, tutaje saa, vipimo na makosa.

Mama Kondele: Kisumu giza huingia karibu saa 1 na mbu hawangoji. Shusha neti saa 12, uichomeke chini ya godoro pande zote. Ukiishusha usiku, huenda ukamfungia mtoto na mbu ndani. Halafu ni kuoga, kunyonya, wimbo mmoja uleule, kitandani. Kinachomtuliza ni mfuatano kuliko saa. Stima ikipotea, au ukichelewa Kibuye sokoni, fupisha kila hatua lakini usiruke.

Baba Bondeni, Nakuru: Hapo kwa kuoga, dada, huku Julai haiwezekani. Tunamwogesha saa 8 mchana. Jioni ni kitambaa cha maji vuguvugu usoni, shingoni, makwapani na mapajani, basi. Kwenye beseni maji baridi hutangulia, ya moto hufuata, ili ukiitwa mlangoni usiache maji yanayochemka karibu na mtoto. Pima kwa kiwiko. Kiganja kilichozoea sufuria ya ugali hakihisi kitu!

Muuguzi Kakamega: Wengi hukosea mchana, kisha wakalaumu usiku. Wa miezi 6 huchoka baada ya kukaa macho saa 2 hivi. Akisugua macho au kuduwaa, mlaze. Ukingoja mpaka alie, uchovu umepita kiasi na kumtuliza kutakuwa kazi. Usingizi wa mchana uishe kufikia saa 10. Kwa saa 24, miezi 4 hadi 11 huhitaji saa 12 hadi 16. Mwaka 1 hadi 2, saa 11 hadi 14. Wa chini ya mwaka alale chali, bila mto. Baridi ikizidi, mwongezee nguo badala ya blanketi zito.

Nyanya Mumias: Leso mgongoni ni nzuri, ila akizoea kusinzia huko tu, atashtuka ukimshusha. Mshushe macho yakiwa mazito, kabla hajazama, umwekee kiganja kifuani. Chupa ya maziwa isiingie kitandani, meno yataoza.

Mama Kondele: Asante, Nyanya. Na dada wa kazi je? Akimbembeleza kwa simu mchana, jioni mtoto ataidai simu hiyohiyo.

Nyanya Mumias: Mfundishe wimbo wenu.