Ukoo wa Majengo: mnara wa Babu

Hamisi: Assalaam alaykum ukoo. Shikamooni wakubwa. Nimeingia Arusha jana usiku nikitokea Unguja, niliwasindikiza wageni. Siku ya mwisho tulivuka kwenda Chumbe. Naleta picha za mnara wa taa.

Hamisi: [picha 4]

Hamisi: Waingereza waliujenga mwaka 1904. Ngazi 131 mpaka juu, nimezihesabu, na njia nzima nilikuwa namfikiria Babu wa taa, baba yake Bibi, na mnara wake wa kule Tanga. Chini kuna msikiti mdogo wa zamani wa watunza taa na familia zao. Palipokuwa na nyumba ya mtunza taa ndipo wanapopokelea wageni siku hizi. Kisiwa hakina kisima. Maji tamu ni yale ya mvua tu.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu, pole na safari. Huo msikiti umenigusa. Watu wanne watano katikati ya bahari, na bado wakajenga mahali pa kusujudu.

Baba Mdogo Rajabu: Waalaykum salaam. Hamisi umefanya jambo kubwa. Salma, Bibi yuko macho? Muonyeshe.

Salma: Yuko barazani hapa na mimi. Nimemkuzia picha ya juu kabisa, ile ya chumba cha taa. Ameitazama kimya muda mrefu. Kasema hivi: "Kioo kina chumvi upande wa kusi. Nani anakifuta?"

Neema: Shikamoo Bibi. Shikamooni wote. Chumvi inapandaje mpaka juu kule jamani? Sisi wa mlimani tusaidieni.

Salma: Marahaba wifi, anasema Bibi. Ngoja niandike kama anavyosema, nisipunguze.

Salma: "Kusi likivuma, bahari inapanda hewani. Huioni, unaionja mdomoni. Asubuhi kioo chote cheupe kama kimepakwa chokaa. Tulikifuta mimi na mama kila siku baba akiwa amelala, maana yeye alikesha. Maji ni kikombe kimoja cha chai kwa vioo vyote, kwa sababu maji yalikuwa ya kunywa. Tulitumia kanga iliyochakaa, mpya inaacha nyuzi. Halafu gazeti kavu. Ukigusa kwa kidole unaanza upya. Baba alisema alama ya kidole chako, huko baharini ni kiza cha mtu."

Hamisi: Kiza cha mtu. SubhanAllah.

Baba Mdogo Rajabu: Hapo ndipo ninapotaka vijana mnisikilize. Kwenye daftari la mshahara alikuwa Babu peke yake. Taa yenyewe iliwashwa na watu watano. Bibi yenu na mama yake vioo. Kaka yake mkubwa kupandisha mafuta ya taa kwa madebe, ngazi kwa ngazi. Wadogo kukata utambi na kuangalia mapipa ya mvua yasiingie wadudu. Na ule mtambo wa kuzungusha taa ulikuwa kama saa ya ukutani: jiwe zito linashuka taratibu ndani ya mnara, linavuta magurudumu. Likifika chini taa inasimama, na nahodha akiiona imesimama hajui tena ni mnara gani, maana kila mnara una mwako wake. Basi lazima mtu azungushe mpini kulipandisha tena, usiku kucha, kila baada ya saa chache. Babu akishikwa na homa nani alizungusha? Mkewe. Hakuna aliyemwandika popote.

Shangazi Mwanaidi: Sema kaka. Sema.

Neema: Hakulipwa kabisa?

Baba Mdogo Rajabu: Hata senti. Alipewa posho ya mchele na unga kama wengine, basi.

Hamisi: Baba Mdogo, kuna mgeni wangu, mama wa Kimarekani wa jimbo la Maine, tulikaa naye kwenye ngazi pale Chumbe nikamsimulia habari za Babu. Akaniambia kwao kuna mwamba baharini unaitwa Matinicus Rock, na binti wa mtunza taa, Abbie Burgess. Januari 1856 baba yake alikwenda bara kutafuta chakula na dawa, dhoruba ikamzuia kurudi. Binti ana miaka 16, mama mgonjwa, wadogo zake wa kike watatu. Mawimbi yakaufunika mwamba, yakabomoa nyumba ya zamani. Akawahamishia mnarani. Baba alirudi baada ya wiki nne. Taa 28, na hakuna usiku hata mmoja zilizokosa kuwaka. Na kabla maji hayajafika alitoka nje na kikapu akawaokoa kuku.

Salma: Nimemsomea. Amenishika mkono. "Kuku ndiyo. Kuku kisiwani ni supu ya mgonjwa. Huyo mtoto alijua." Halafu kauliza mama yake alipona?

Hamisi: Mwambie alipona, walikuwa hai wote baba aliporudi.

Salma: Kasema alhamdulillah, kama vile ni jirani yetu wa hapa Majengo.

Neema: Mimi darasani kwangu wanafunzi wengi hawajaiona bahari. Wakisikia mnara wa taa wanadhani ni mnara wa simu. Kesho nitawasomea haya, kama Bibi ameridhia.

Salma: Ameridhia.

Hamisi: Kuna nyingine nimeisoma usiku, haijanitoka kichwani. Wales, mnara wa Smalls, kama mwaka 1801. Walikuwa watunza wawili tu, Thomas Howell na Thomas Griffith, na ilijulikana kuwa hawaelewani. Griffith akafa. Howell akaogopa akimzika baharini watasema amemuua. Akatengeneza jeneza, akalifunga kwa nje ya mnara, akaendelea kuwasha taa peke yake. Dhoruba ikazuia mashua kufika wiki kadhaa. Alipokuja kuteremshwa rafiki zake hawakumtambua. Tangu hapo wakaweka sharti la watunza watatu.

Baba Mdogo Rajabu: Inna lillahi. Watatu baada ya mtu kupata wazimu.

Shangazi Mwanaidi: Hamisi mwanangu, hii ya kungoja mashua usingemsomea mama. Salma umeshasoma?

Salma: Nimeshasoma mama. Nisamehe.

Salma: Bibi anasema niandike. Anasema ninyi wadogo hamjui habari za Athumani, na yeye hataki aondoke nazo.

Salma: "Athumani alinifuata mimi. Miaka minne. Alianza kutapika usiku wa Ijumaa. Baba akapandisha bendera alfajiri, ile ya kuomba msaada. Boti ya posho ilikuwa bara, na bara tulikuwa tunaiona kwa macho. Walioshika boti waliiona bendera, wenyewe walikiri baadaye. Walisema siku yetu bado. Boti ilikuwa na siku yake. Baba alikuwa na ngalawa. Angeweza kumchukua mtoto. Lakini kusi lilikuwa kali, na akiondoka, jioni nani atawasha? Mama akamwambia nenda, nitawasha mimi. Baba akasimama pale ufukweni na mtoto begani tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Akarudi ndani. Athumani alikufa Jumapili kabla ya magharibi. Baba alipanda juu akawasha, kisha akashuka tukamwosha. Tulimwosha kwa maji ya kunywa ya siku mbili. Boti ilikuja Jumanne."

Neema: Bibi jamani. Bibi yangu.

Hamisi: Sina la kusema.

Shangazi Mwanaidi: Mimi nimeyajua haya nikiwa tayari na watoto wangu. Mama alinisimulia mara moja tu, tunachambua mchele, na akaendelea kuchambua. Miaka yote nilimlaumu Babu moyoni. Leo nikisoma hapo pa kusimama ufukweni, naona nimemwonea. Kulikuwa na meli za watu usiku ule. Lakini mtoto ni mtoto. Sijui hata mimi ningefanya nini.

Baba Mdogo Rajabu: Wa kulaumiwa ni walioiona bendera wakatazama kalenda.

Salma: Bibi anasema alizikwa kisiwani, nyuma ya nyumba, mawe mawili ya matumbawe. Mama yake alichomeka kichwani chemni ya taa iliyovunjika, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine kizuri.

Neema: Naomba niseme kitu. Mnakumbuka tulipompeleka Bibi Kibosho kwa wazazi wangu, ile posa? Usiku nilimkuta ameketi nje peke yake, baridi ile, amejifunika khanga mbili. Ametazama bonde lote la chini, taa za Moshi mjini na zile za mbali kwenye mashamba ya miwa. Nikamwambia Bibi ingia ndani. Akaniambia, "Wavuvi wametoka wengi leo." Nikadhani ni uzee. Sikumwambia mtu. Sasa nimeelewa, kutoka juu usiku tambarare inakuwa bahari kabisa, na zile taa ni karabai za wavuvi.

Hamisi: Hukuniambia hata mimi.

Neema: Niliona ni kama siri yake.

Salma: Anacheka. Anasema, "Na nilizihesabu."

Baba Mdogo Rajabu: Siku hizi taa zinajiwasha zenyewe kwa umeme wa jua. Hata Uingereza watunza wa mwisho waliteremka mwaka 1998. Ni heri, hakuna mtoto atakayengoja boti tena. Lakini lile kaburi lipo, na ni safari ya saa moja na nusu kutoka ninapokaa hapa Tanga. Nimeona aibu tangu jioni hii.

Shangazi Mwanaidi: Twende kaka. Twende tumsomee hitma.

Baba Mdogo Rajabu: Kusi likishapoa, kabla kaskazi halijashika, bahari inatulia. Namjua mvuvi mmoja hapa Tanga, mtu mzima, anakijua kisiwa. Hamisi wewe utatuletea watu na gari.

Hamisi: Gari lipo. Natoka Arusha usiku, nawapitia Majengo alfajiri, tunashika njia ya Same na Korogwe, mchana tuko Tanga. Tunalala kwa Baba Mdogo, kesho yake ndiyo tunavuka. Niko tayari hata mwezi huu.

Neema: Mimi nitashona kitambaa cha kufunika kaburi. Nyeupe?

Shangazi Mwanaidi: Nyeupe mwanangu. Salma, mwambie mama atulie nyumbani, tutampigia simu ya picha tukiwa huko. Miaka 86 si ya kupanda mashua.

Salma: Nimemwambia.

Salma: Amekataa. Anasema anakuja, na anataka kujua mashua itaondoka maji yakijaa au yakitoka.

Baba Mdogo Rajabu: Mwambie mama yakijaa. Alfajiri.