Tupeane uzoefu: kutengeneza na kusasisha programu za video za simu mkiwa timu ndogo

#1 – Mleta mada

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotengeneza programu za video (kurekodi, kuhariri, kutazama) wakiwa watu wawili watatu tu. Hadithi za maisha tuziweke kando. Anayechangia aseme tatizo, chanzo chake, dawa yake, na namba kama anazo.

Naanza na faili zenyewe. Video ya kujaribia mliyoipakua mtandaoni huwa safi kupita kiasi. Za watumiaji hazifanani nayo hata kidogo.

Kwanza, mzunguko. Kamera ya simu hurekodi picha ikiwa imelala, kisha ndani ya MP4 inaandikwa kwamba mchezaji (programu inayocheza video) aizungushe digrii 90. Msimbo unaosoma fremu bila kusoma maelekezo hayo hutoa video iliyolala ubavu. Kwenye Android, ukiandika faili jipya kwa MediaMuxer (chombo cha kuunganisha picha na sauti kuwa faili moja), setOrientationHint iitwe kabla ya start().

Pili, kasi ya fremu haitulii. "Fremu 30 kwa sekunde" ni makadirio tu. Kwenye giza simu nyingi hupunguza kasi ili kila fremu ipate mwanga zaidi. Ukipima muda kwa kuhesabu fremu (900 ni sekunde 30), sauti na midomo vitaachana polepole. Kwenye kipande cha sekunde 10 huoni kitu, kwenye dakika 5 mtumiaji anakuandikia nyota moja. Beba muhuri wa muda wa kila fremu, presentationTimeUs, tangu inaposomwa hadi inapoandikwa, na usiutunge upya njiani.

Tatu, vipimo. Rangi kwenye video ya kawaida (mpangilio uitwao 4:2:0) huhifadhiwa kwa kila kundi la pikseli 2 kwa 2, hivyo upana na urefu lazima vigawanyike kwa 2. Enkoda (vibanaji vya video) za zamani hutaka 16, na 1080 haigawanyiki kwa 16. Ndani huandikwa 1088 na ziada ya mistari 8 hutakiwa kukatwa wakati wa kuonyesha. Mkiona mstari wa kijani chini ya video, mara nyingi ni hiyo ziada ambayo haikukatwa.

Nne, HDR, yaani video yenye mwanga na rangi pana kuliko kawaida. iPhone 12 ya 2020 na nyingi zilizofuata hurekodi HDR yenye rangi za biti 10. Ukiifungua kama video ya kawaida, inapauka kama imemwagiwa majivu. Lazima rangi zishushwe kwa hesabu maalumu kuja SDR, yaani video ya kawaida. Media3 Transformer, maktaba ya Google ya kuhariri video kwenye Android, ina chaguo hilo tayari, kwa hiyo msijiandikie wenyewe.

#2

Naongezea la sauti, fupi. iOS, usipoweka AVAudioSession (mpangilio wa sauti wa programu) kwenye `.playback`, simu ikiwa kwenye kimya video yako nayo inanyamaza. Malalamiko ya "programu haina sauti" anza kuyatafutia hapo. Upande wa Android, mruhusu ExoPlayer (mchezaji video wa Android) ashughulikie mwenyewe umiliki wa sauti (setAudioAttributes, kigezo cha pili kiwe true) na setHandleAudioBecomingNoisy(true), ili spika za masikioni zikichomoka video isimame badala ya kupiga kelele mbele za watu.

#3

Mleta mada umeanza vizuri, ila kutengeneza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusasisha, na timu ndogo huzama hapo kwa sababu programu inaweza kuvunjika bila nyinyi kugusa mstari hata mmoja.

Google Play: tangu 31 Agosti 2025, programu mpya na masasisho lazima vilenge angalau Android 15, yaani API 35 (namba ya toleo la mfumo). Ukilenga 35, mfumo unalazimisha programu ienee hadi kingo za skrini. Kwenye kihariri cha video maana yake ni kwamba kitufe cha kuhifadhi kinajificha chini ya vitufe vya mfumo, na mstari wa muda unagongana na ishara ya kurudi nyuma. Soma nafasi za kingo (WindowInsets) kwenye kila skrini, hasa ile ya kutazama video nzima.

Kubwa zaidi ni kurasa za kumbukumbu za KB 16, yaani ukubwa wa vipande ambavyo mfumo hugawia kumbukumbu (RAM). Kuanzia 1 Novemba 2025 Play inadai programu zinazolenga Android 15 kwenda juu zikubali kurasa hizo. Kama msimbo wenu wote ni Kotlin, hamna kazi. Lakini programu ya video karibu kila mara ina faili za `.so` ndani (msimbo wa C/C++ uliokwisha kujengwa): FFmpeg ya kuchakata video, vichujio vya uso, maktaba ya sauti. Zilizojengwa kwa mpangilio wa KB 4 hazitapakiwa kwenye simu ya KB 16, na programu inakufa inapofunguka. Jenga upya kwa NDK r28 (zana za Google za kujenga msimbo huo), ambayo hupanga hivyo yenyewe, au kwa NDK ya nyuma ongeza `-Wl,-z,max-page-size=16384`. Maktaba ambayo mwenyewe hana tena habari nayo, itoeni. Kuibembeleza ni kupoteza miezi.

Hapo ndipo FFmpegKit, yaani FFmpeg iliyofungashwa kwa ajili ya simu, inapoingia. Mradi huo ulitangazwa kustaafishwa Januari 2025, na baadaye faili zake zilizokuwa zimejengwa tayari zikaondolewa. Miradi iliyokuwa ikivuta faili hizo moja kwa moja ilishindwa kujengwa ghafla asubuhi moja. Njia zilizobaki ni mbili. Mnaweza kujenga FFmpeg wenyewe na kuhifadhi matokeo kwenye hifadhi yenu. Au jiulizeni kwanza kama mnaihitaji kweli: kukata, kuunganisha, kubana na kuweka maandishi juu ya video, Media3 Transformer na AVFoundation (ya iOS) wanafanya kwa chipu ya simu, haraka zaidi na kwa betri kidogo zaidi.

Mkiijenga wenyewe, angalieni leseni. FFmpeg kwa kawaida ni LGPL (leseni huria nyepesi), lakini mkiwasha `--enable-gpl` ili kuingiza x264 (enkoda ya H.264), masharti ya GPL, yanayodai mtoe msimbo wenu, yanaibeba programu nzima. Tumieni enkoda za simu, h264_mediacodec au h264_videotoolbox, mjiepushe na kesi hiyo.

#4

Mkuu #3, nitajuaje `.so` zangu zimepangwa kabla Play hawajanikatalia?

#5

#4, fungua kifurushi kwenye APK Analyzer ya Android Studio, safu ya mpangilio itakuonyesha zenye kasoro. Kwa mstari wa amri:

`llvm-objdump -p libmfano.so | grep LOAD`

Ukiona `align 2**14` uko salama. `2**12` au `2**13`, bado. Halafu washa simu ya kuigiza (emulator) yenye picha ya mfumo ya KB 16, andika `adb shell getconf PAGE_SIZE`, ikijibu 16384 ndipo ujaribu programu yako. Usiishie kuifungua tu: pitia kila kichujio, maana kuna `.so` ambazo hupakiwa pale mtumiaji anapobonyeza kitufe fulani.

#6

Kwa wanaotengeneza orodha ya video fupi za kusogeza juu kwa kidole, kosa la kawaida ni kuunda mchezaji mpya kwa kila video. Dekoda (vifungua video) za chipu zina idadi yenye kikomo, na simu za bei ndogo ndizo zenye chache. Zikiisha, MediaCodec hurudisha ERROR_INSUFFICIENT_RESOURCE na mtumiaji anaona skrini nyeusi yenye sauti, au isiyo na kitu kabisa. Weka wachezaji 2 au 3 wanaozunguka: anayeonyesha, anayefuata, labda na aliyepita. Ukimaliza na mmoja, mwite release(), usisubiri mfumo ukufagilie.

Hesabu ya data ni nyepesi lakini wengi hawaifanyi. Megabiti 2 kwa sekunde ni MB 15 kwa dakika. Megabiti 5 ni MB 37.5. Kwa 720p ya wima, 2 hadi 2.5 inatosha video nyingi za watu wanaoongea. Za michezo na maji yanayotiririka hudai zaidi. Video inayofuata usiivute yote: sekunde 2 za mwanzo kwa megabiti 2 ni nusu MB tu. ExoPlayer akiachwa na mipangilio yake hulenga kujaza sekunde 50 mbele, ambazo kwa video fupi ni video nzima. Punguza kwenye DefaultLoadControl.

Video inayochelewa kuanza hata mtandao ukiwa mzuri, angalia faharasa ya MP4 iko wapi. Faili nyingi zina kisanduku cha `moov` mwishoni, na mchezaji hawezi kuanza bila hicho. Dawa ni mstari mmoja kwenye seva, bila kubana upya:

`ffmpeg -i ingizo.mp4 -c copy -movflags +faststart tokeo.mp4`

Kwa video ndefu nendeni HLS (video hukatwa vipande na kutolewa kwa ubora tofauti). Vipande vya sekunde 6, fremu kuu (keyframe, picha kamili isiyotegemea nyingine) kila sekunde 2. Kwa fremu 30 kwa sekunde na x264 ni `-g 60 -keyint_min 60 -sc_threshold 0`. Fremu kuu zisipoangukia sehemu zilezile kwenye ubora wote, mchezaji akibadilisha ubora picha inarukaruka.

Na SimpleCache (hifadhi ya muda ya ExoPlayer): moja tu kwa folda moja, kwa programu nzima. Ukifungua ya pili kwenye folda ileile inakurushia IllegalStateException.

#7

Kodeki (mbinu za kubana video) kwa kifupi: H.264 inachezwa kila mahali, ibaki kuwa msingi. HEVC inapunguza ukubwa, na iPhone inaikubali tangu iOS 11. AV1 kwa chipu, upande wa iPhone, ilianza na 15 Pro ya 2023. Kwa hiyo AV1 iwe nyongeza kwa simu zinazoiweza, isiwe chaguo pekee kwenye seva.

#8

Nirudi kwenye kutoa toleo. Play inakuruhusu kutoa kwa asilimia unayotaka na kusitisha. App Store ina ratiba yake ya siku 7: 1, 2, 5, 10, 20, 50, kisha 100. Unaweza kuisimamisha hadi siku 30 kwa jumla, lakini anayesasisha kwa mkono wake analipata toleo hata ukiwa kwenye asilimia 1.

Kinachosahaulika: hakuna kurudi nyuma. Play haipokei versionCode (namba ya toleo) ndogo kuliko iliyopo. "Kurudisha toleo la zamani" ni kuchukua msimbo wa zamani na kuupa namba kubwa zaidi. Sasa fikiria hifadhidata. Toleo bovu lilishaipandisha kutoka muundo wa 7 hadi wa 8; msimbo wa zamani ukiikuta ya 8, Room (maktaba ya hifadhidata ya Android) inagoma na programu inafunga. Wapo wanaoweka fallbackToDestructiveMigrationOnDowngrade ili kelele ziishe, na kweli zinaisha, pamoja na miradi yote ya mtumiaji. Kwa kihariri cha video hilo ni kosa lisilosameheka.

Utaratibu salama: mradi wa mtumiaji uwe faili la JSON lenye namba ya muundo ndani yake. Kabla ya kuubadilisha kwenda muundo mpya, nakili la zamani pembeni. Msimbo usome miundo yote ya nyuma. Tunza kifurushi cha kila toleo lililotoka, na kabla ya kutoa jipya, sakinisha la miezi sita nyuma, tengeneza mradi wenye vipande, muziki na maandishi, kisha weka jipya juu yake kwa `adb install -r`. Kusakinisha upya kwenye simu tupu hakuthibitishi chochote kuhusu sasisho.

Ongeza pia swichi kwenye seva: orodha ya modeli za simu ambazo HEVC au kichujio fulani kizimwe. Enkoda mbovu ya modeli moja haihitaji kusubiri ukaguzi wa duka. Mipaka ya Play ya kuangalia ni hii: kujifunga 1.09% na kuganda 0.47% ya watumiaji wa siku, na 8% kwa modeli moja ya simu. Ukiipita, duka linaweza kupunguza kukuonyesha.

#9

Kuhifadhi video huku mtumiaji amehamia WhatsApp ni vita nyingine. iOS ikikupeleka nyuma, enkoda inafariki na unapata kosa -12903. Usionyeshe "imeshindikana", hifadhi vipande vilivyokamilika, akirudi endelea na kilichobaki.

Android, tumia huduma ya mbele (foreground service). Kuanzia Android 14 lazima utaje aina yake. Android 15 ilileta mediaProcessing, yenye kikomo cha saa 6 ndani ya saa 24. MediaMuxer huandika faharasa anapoitwa stop(), hivyo programu ikiuawa katikati faili zima halifunguki hata likiwa na MB 800. Kwa kurekodi kwa muda mrefu, andika vipande vya dakika chache. Ukiandika kwenye MediaStore (orodha ya picha na video za simu), IS_PENDING iwe 1 hadi umalize, la sivyo matunzio yanaonyesha nusu faili.

Na pimeni nafasi kabla: faili la muda pamoja na nakala ya matunzio ni mara mbili ya ukubwa.

#10

Wakuu, tunakaribia kuwasilisha toleo la kwanza. Wakaguzi hukatalia nini zaidi kwenye programu za video?

#11

#10, ruhusa kwanza. Kama mtumiaji anachagua video moja moja, tumieni Photo Picker (kichaguzi cha mfumo) na mfute READ_MEDIA_VIDEO (ruhusa ya kusoma video za simu). Play wanataka maelezo ya kwa nini mnaihitaji. Watu wakiweza kupakia video zinazoonwa na wengine, lazima kuwe na kuripoti, kumzuia mtu, na kuchuja, maduka yote mawili. Kama kuna akaunti, kuwe na njia ya kuifuta ndani ya programu, na Play wanataka pia kiungo cha wavuti. iOS wekeni PrivacyInfo.xcprivacy (faili la maelezo ya faragha). Mpeni mkaguzi akaunti ya majaribio yenye video tayari ndani. Asiporekodi kitu ataona kurasa tupu na kuwarudishia.

Akaunti yenu ya Play ikiwa ya mtu binafsi na ilifunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, kuna jaribio lililofungwa (closed testing) la watu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kutoa. Anzeni kuwakusanya leo, na mchukue 15 au zaidi, maana kuna watakaojitoa siku ya tisa.