Nafaka ipi inafaa kulisha viwavi wa nondo wa mchele?

Swali, kutoka Bukavu

Ndugu wapendwa, katika maabara yetu tunafuga nondo wa mchele, Corcyra cephalonica, ili mayai yake yatumiwe kuzalisha Trichogramma, nyigu wadogo sana wanaokulia ndani ya mayai ya wadudu wengine na hivyo kuwaangamiza waharibifu wa mazao. Tangu mwanzo tumewalisha viwavi chenga za mahindi peke yake, kwa kuwa ndizo rahisi kupatikana katika soko la Kadutu. Nondo wanaotoka ni wadogo na mayai hayatoshi. Je, tuhamie mtama au uwele, ama kasoro iko kwingine?

Jibu, kutoka Goma

Ndugu, chakula ndicho cha kutazamwa kwanza, kwa sababu nondo huyu akishakomaa hali kitu: mayai yote anayotaga jike hutokana na akiba ya mafuta na protini aliyojiwekea akiwa kiwavi. Mahindi yana wanga mwingi, lakini yana upungufu wa lisini na triptofani, ambazo ni sehemu muhimu za kujengea protini, na ndiyo maana wafugaji wengi huyachanganya na unga wa karanga na hamira kidogo. Huko India mtama na uwele vimetumika kwa kazi hii kwa miaka mingi. Zingatieni pia namna ya kusaga. Punje nzima humshinda kiwavi aliyetoka kuanguliwa, na unga laini hushikamana ukakosa hewa. Punje ikivunjwa vipande viwili hadi vinne inatosha.

Jibu, kutoka Lubumbashi

Nakubaliana na ndugu wa Goma, ila nisingeyahukumu mahindi kabla ya kutazama kipimajoto. Bukavu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na chumba kisichopashwa joto huko hukaa karibu na nyuzi 20, ilhali nondo huyu hustawi kwenye nyuzi 26 hadi 28, pamoja na unyevu wa hewa wa asilimia 70 hivi. Sisi nasi baridi ya Juni na Julai huturudisha nyuma, hata chakula kikiwa kizuri. Wekeni ndoo za mahindi, za mtama na za mchanganyiko katika chumba kimoja, kila ndoo ipewe uzito uleule wa nafaka na kiasi kilekile cha mayai, kwa maana viwavi wakisongamana hutoa nondo wadogo hata kwenye nafaka bora. Kisha pimeni uzito wa majike na mhesabu mayai yao. Tena, nafaka iliyonyunyiziwa dawa ghalani haifai, na kuipasha joto si njia ya kuaminika ya kuiondolea sumu.

Muulizaji

Ahsanteni. Mtama tutaununua kwa wakulima wa bonde la Ruzizi, kabla haujafika ghalani. Je, karanga hazitaleta kuvu?

Jibu, kutoka Goma

Huleta, zikiwa na unyevu. Chagueni zilizokauka vizuri, mzisage siku ya kuzitumia, na nafaka yenyewe ipashwe nyuzi 100 kwa nusu saa ili wadudu wengine na utitiri wafe. Ikishapoa kabisa ndipo mchanganye karanga na hamira, kisha mtie mayai.