Mkono umevimba mwaka wa pili baada ya mionzi

Binti wa Arua: Habari zenu. Mama alikatwa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, kisha akapigwa mionzi hospitali ya Mulago. Sasa mkono umevimba kuanzia kiwiko hadi vidoleni, ukibonyeza shimo linabaki. Duka la dawa wamempa Lasix na bendeji ya krepu. Bado analima na kuteka maji. Tufanyeje?

Fizio Mbale: Pole kwa kuuguza, dada. Msimfunge chochote kabla daktari hajamwona: uvimbe mpya unaweza kuwa damu iliyoganda mshipani, au saratani imerudi kwapani. Ikithibitika ni limfu, yaani majimaji ya mwili yaliyokwama kwa kuwa tezi za kwapani zilitolewa, Lasix haimfai. Inakojoza maji, protini inabaki kwenye nyama, na maji yanaifuata palepale.

Krepu nayo inavutika mno. Mkono ukipumzika inabana, ukifanya kazi inalegea. Ulizeni bendeji isiyovutika sana, na chini yake pamba. Mtaalamu awaonyeshe mara ya kwanza. Anza vidoleni, panda hadi karibu na kwapa, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Kaza zaidi kiganjani, legeza kadiri unavyopanda. Wengi hukaza juu, ndipo vidole vinajaa kama ndizi bogoya. Vikifa ganzi au kubadilika rangi, fungua mara moja.

Kwa utepe wa fundi cherehani pimeni mikono yote miwili kila sm 10 kuanzia kifundo cha mkono, asubuhi, kila wiki, muandike.

Muuguzi: Naongeza la ngozi. Apake vaselini kila akioga, avae glavu akimenya matooke au akilima. Na hili huku kwetu linaponza watu: akipata homa na kutetemeka, msikimbilie dawa ya malaria tu, tazameni mkono. Ukiwa mwekundu na wa moto, ni bakteria. Anahitaji antibiotiki siku hiyohiyo. Sindano na kipimo cha presha, mkono wa kulia.

Binti wa Arua: Asanteni sana. Jirani anasema achanjwe maji yatoke. Na jerikeni je?

Fizio Mbale: Asichanjwe kabisa! Kila chale ni mlango wa bakteria, na kidonda cha mkono huo hakikauki upesi. Jerikeni la lita 20 ni kilo 20, aliache. Aanze na la lita 3, aongeze polepole. Msimkataze kazi zote, maana misuli ikikaza ndiyo inayosukuma limfu. Jembe ashike kidogokidogo, bendeji ikiwa mkononi. Jioni mkono ukiwa mzito kuliko kawaida, kesho apunguze.