Kikundi cha Ukoo: Matembezi ya Mtoni mpaka Mkunazini

Mimi: Assalam alaykum nyote, na wakubwa shikamooni. Matembezi ya Jumapili nimeshayapanga. Tunakwenda wenyewe bila kiongozi, tunaufuata ukoo wa Sayyid Said, sultani wa Unguja na Oman, kwa maisha ya binti yake Salme: alipozaliwa, alipohamia, alipoondokea. Hatuanzi na nyumba iliyo karibu, tunaanza alikoanzia yeye.

Ami: Waalaykum salaam, marahaba. Hapo pa bila kiongozi ndipo ninapotia shaka. Vijana wa kutembeza wageni wameisomea kazi ile. Sisi tutasoma nini, vibao vya ukutani?

Mimi: Kila mtu napendekeza apewe kituo chake, Ami. Akisome wiki hii, na tukifika pale atusimulie kwa mdomo wake. Ukiwa na kiongozi, mkifika mahali mnapotaka kukaa mtazame, yeye keshasema twendeni. Mimi nataka watoto wakae.

Kaka: Mie kituo gani?

Mimi: Mtoni. Ndipo pa kuanzia.

Kaka: Mtoni si magofu tu pale?

Mimi: Magofu, ndiyo, ndiyo maana nimekupa wewe mwenye maneno. Salme kazaliwa pale 1844. Mwenyewe kaandika kwamba jumba lile likikaa watu kama elfu. Uani palikuwa na tausi, paa na mbuni, na watoto wakicheza katikati yao. Wapeleke watoto upande wa bahari, uwasimulie habari ya benjile, lile baraza la juu alilopenda kukaa baba yake. Anasema alikuwa akienda huku na huku peke yake, kichwa kainamisha, anachechemea kidogo kwa jeraha la pajani alilolipata vitani. Mtu aliyeitawala pwani hii yote, na bintiye anachokumbuka ni mwendo wake. Hapo wanyamazishe kidogo wausikie mto na bahari.

Kaka: Hiyo naichukua.

Binamu wa Dar: Mimi nitapanda boti ya Ijumaa. Nipeni kituo cha mjini, nisije nikaharibu mwanzo.

Mimi: Wewe Beit al-Sahel, Jumba la Makumbusho. Kuna chumba cha Salme mle. Humo simulia habari ya kuandika. Wasichana wakifundishwa kusoma tu, kuandika hawakufundishwa. Yeye akajifunza kwa siri, anatazama herufi za Msahafu anaziiga juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Shangazi: Mfupa wa ngamia! Binti yangu keshaniuliza unafutika vipi.

Mimi: Mwambie aje na swali hilo hilo Beit al-Sahel. Na kuandika kule ndiko kulikomtia matatani. Sayyid Said alifariki 1856 akiwa baharini, anarudi kutoka Muscat. Mwanawe Majid akakaa kwenye kiti hapa Unguja, na 1859 ndugu yao Barghash akataka kumpindua. Salme ana miaka kumi na mitano, anajua kuandika, basi barua za njama akaziandika yeye. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake waliingia ndani, wakamvisha nguo za kike wakamfunika gubigubi, wakatoka naye katikati ya wanawake mbele ya askari.

Ami: Hii ya Barghash kuvishwa nguo za kike naijua tangu udogoni. Nilidhani ni hadithi za barazani.

Mimi: Si hadithi, Ami. Nilitaka kukuomba uisimulie wewe, unavyojua kuigiza sauti.

Ami: Tutaona.

Shangazi: Ikaishaje njama?

Mimi: Ikashindwa. Barghash akapelekwa Bombay. Salme alisamehewa na Majid, lakini ndugu wengi waliokuwa upande wa Barghash walimwona msaliti kwa kupatana naye. Akahamia nyumba ya Mji Mkongwe ambayo jirani yake alikuwa mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Dari kwa dari, dirisha kwa dirisha. Mwaka 1866 akaondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden, ana mimba. Wakaoana 1867 wakaenda Hamburg, akaitwa Emily Ruete. Miaka mitatu baadaye mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu.

Shangazi: Masikini. Binti yangu anauliza, alirudi kwao?

Mimi: Alirudi 1885 na meli za Wajerumani. Kwenye kiti alikuwa Barghash, yule yule ambaye Salme alimwandikia barua za njama. Hakukubali kumwona. Hili nataka tulisimulie pale Forodhani, tumeitazama Beit al-Ajaib, kwa sababu jumba lile alilijenga Barghash 1883, limekodolea macho bahari ile aliyojia dada yake. Mtoto akisimama pale anaiona meli na anaiona roshani, hana haja ya kuelezwa sana.

Kaka: Lakini Beit al-Ajaib hatuingii.

Mimi: Hatuingii. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, wakafa watu wawili. Tutalitazama kwa nje. Hapo hapo waonyesheni pengo la jumba la Beit al-Hukm, lililovunjwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipojitangaza sultani. Vita vile havikufika saa moja. Hiki kituo kifupi, tusikae.

Ami: Na makaburi?

Mimi: Yapo kando ya Beit al-Sahel, Sayyid Said na Barghash wote wamelala pale. Tutasoma Fatiha, Ami utuongoze. Salme hayupo. Alifia Jena 1924, kazikwa Hamburg, na kaburini kwake kikatiwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi. Nilipolisoma hili nilifunga kitabu, nikatoka nikaenda kukaa ufukweni.

Shangazi: Subirini. Bibi yuko hapa kwangu, nimemsomea yote. Anataka kusema, naandika kama anavyosema.

Shangazi: Bibi anasema: "Matembezi mazuri, mjukuu wangu kasoma. Lakini mmesema Mtoni walikaa watu elfu. Sayyid kaacha watoto 36. Hao wengine nani? Nani aliyechota maji ya hamamu? Nani aliyechuma karafuu zilizojenga majumba? Mnawapitisha watoto mlango mkubwa, mlango wa nyuma hamuwaonyeshi."

Ami: Bibi, shikamoo. Mambo ya utumwa ni mazito, kuna watoto wa miaka saba. Tuwaachie siku nyingine.

Shangazi: Anasema: "Marahaba. Siku nyingine ni ipi? Mie miaka themanini sijaiona."

Mimi: Bibi, nimekosa. Nilikuwa na mpango wa kumalizia Forodhani kwa sababu pana kivuli na watoto watakuwa wamechoka. Na hata Salme mwenyewe hapa tusimpambe. Katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani 1886 aliutetea utumwa, anasema watumwa wa kwetu walitendewa vizuri. Nililiruka hilo kwa kuwa nilishampenda. Watoto walisikie pia.

Binamu wa Dar: Basi tumalizie Mkunazini. Soko la watumwa la pale lilifungwa 1873, mkataba kautia saini huyo huyo Barghash, Waingereza wamembana. Kanisa kuu limejengwa pale pale. Ni ukoo ule ule, hatujatoka kwenye njia.

Kaka: Na mimi kule Mtoni nitaanza na hao elfu. Nitawaambia watoto wahesabu: Sayyid, wake, wana, halafu waniulize waliobaki.

Ami: Hapo nimekubali. Watoto wakianza kuuliza wenyewe asubuhi, mchana hawatashtuka.

Shangazi: Lakini Jumapili Mkunazini kuna ibada. Si adabu kuingia na kundi la watoto watu wanasali.

Mimi: Kweli kabisa. Tufanye Jumamosi?

Binamu wa Dar: Boti yangu ya Ijumaa bado inafaa.

Mimi: Jumamosi basi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Darajani, daladala ya Bububu mpaka Mtoni kabla jua halijapanda. Tukirudi mjini tutembee kwa miguu, taratibu, adhuhuri tupumzike na kuswali. Viatu vya kufunga, maji kila mtu yake, nguo za heshima.

Shangazi: Bibi anauliza Mkunazini kapewa nani.

Mimi: Bado hajapewa mtu.

Shangazi: Anasema: "Nileteeni kwa gari mpaka mlangoni na kiti kimoja. Pale nasimulia mie. Bibi yangu mie aliniambia alikotoka mama yake, na nyinyi sijawahi kuwaambia."

Ami: Kiti nakuja nacho.